Shajara ya mradi: kumchana mbwa wa manyoya mazito kwa kitana chenye makali

Mei, mwishoni mwa masika: shabaha na mipaka

Mradi huu unamhusu Jeki, mbwa dume wa aina ya German Shepherd mwenye uzito wa kilo 36, tunayeishi naye pembezoni mwa jiji la Arusha. Shabaha ni kupunguza manyoya yanayonyonyoka na kuenea barazani, kwenye mazulia na kwenye nguo, na kuifanya kazi hiyo nyumbani, kwa mikono yetu, bila kuiumiza ngozi yake. Ninaandika shajara kwa sababu kifaa kinachosifiwa zaidi kwa kazi hii ni chombo chenye makali, na anayechanwa hawezi kusema kwamba pamemchoma. Anayekishika ndiye anayepaswa kuandika alichokiona kwenye ngozi kila baada ya kuchana, badala ya kutegemea kumbukumbu za kichwani.

Lipo pia suala la binti yetu, ambaye ana pumu. Daktari wake alitueleza kwamba kinachoamsha mzio si unywele wa mbwa wenyewe bali ni protini zilizomo katika mba, mate na mkojo wake, ambazo hushikamana na manyoya na kusafiri nayo hadi vitandani. Kwa hiyo kuchana kunaweza kupunguza kinachoingia ndani ya nyumba, lakini si tiba ya pumu, na kukifanyika mahali pasipofaa kutarusha hewani vitu vilevile tunavyovikwepa. Tumeweka masharti kabla ya lolote: kazi yote ifanyike nje, upande wa nyumba ambao upepo hauelekei madirishani; binti asiwepo; na anayechana avae barakoa pamoja na nguo atakazozivua kabla ya kuingia ndani.

Mbwa wa pili wa nyumbani, jike wa kienyeji mwenye manyoya mafupi yaliyolala, hatahusishwa na kitana chenye makali hata kidogo. Yeye ana safu moja tu ya manyoya, na kumpitishia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kupenya hadi safu ya ndani ni sawa na kukipitisha moja kwa moja juu ya ngozi.

Mei: kwa nini Jeki hunyonyoka mwaka mzima

Aina hii ya mbwa ilianza kusajiliwa rasmi Ujerumani mwaka 1899, kutokana na mbwa wa wachungaji wa kondoo, na vazi lake ni la nchi ya baridi. Juu kuna manyoya marefu, magumu na yenye rangi iliyokolea, ambayo hukinga maji, jua na miiba. Chini yake yapo manyoya mafupi, laini, yenye mawimbi na rangi iliyofifia, yaliyosongamana karibu na ngozi ili kuhifadhi hewa na joto. Yanayotusumbua ndani ya nyumba kwa sehemu kubwa ni haya ya chini.

Kila unywele una maisha ya vipindi: hukua, husimama kukua, hupumzika ndani ya kitundu chake, kisha huachia na kudondoka. Ulio katika kipindi cha kukua umeshikiliwa imara na mizizi yake. Uliokwisha kuachia umekaa tu pale ukisubiri kitu cha kuukokota. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi nzima. Kitana kinapopita na manyoya yakatoka bila kuvutika, tunachokitoa ni kilichokufa. Kinapoanza kukwama na ngozi ikainuka pamoja nacho, tumefika kwenye manyoya yaliyo hai, na hapo kazi imekwisha hata kama bado kuna kinachotoka.

Maelekezo mengi yanayoambatana na vifaa hivi yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, na huzungumzia misimu miwili mikubwa ya kunyonyoka. Huko urefu wa mchana hubadilika sana: Berlin hupata takriban saa 17 za mwanga mwezi Juni na chini ya saa 8 mwezi Desemba, na mwili wa mbwa hulisoma badiliko hilo na kubadili vazi. Arusha, iliyo nyuzi tatu na ushee kusini mwa ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki hata nusu saa. Kwa hiyo Jeki hangoji msimu. Ananyonyoka kidogo kidogo mwaka mzima, na ratiba yetu inapaswa kuwa ya upole na ya kudumu, si ya kampeni kali mara mbili kwa mwaka.

Mapema Juni: vifaa

Kitana chenye makali tunachokizungumzia kina mpini na ubao mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, wenye meno mafupi yaliyobanana mno, unaofanana kwa umbo na kisu cha mashine ya kunyolea. Jina linalofahamika zaidi duniani kwa vifaa vya namna hii ni FURminator, kampuni iliyoanzia Marekani, na vipo vya ukubwa tofauti kulingana na mwili wa mbwa, tena vya manyoya mafupi na vya manyoya marefu. Urefu wa meno si jambo la kupuuza. Meno marefu kwenye mbwa wa manyoya mafupi hufika kwenye ngozi kabla ya kukutana na manyoya ya kutosha.

Madukani na kwa wachuuzi wa mtandaoni kuna vitana vingi vya kuiga, vingine vizuri na vingine vibaya, na sikuona njia ya kuvitofautisha kwa bei au kwa boksi. Nilivitofautisha kwa pamba: ukivuta kipande cha pamba taratibu juu ya meno, popote penye ncha iliyopinda au chuma kilichobaki bila kusuguliwa pamba hunasa na kuacha nyuzi. Kitana kimoja nilichoazimwa kilinasa katika kona zote mbili za ubao, mahali ambapo kinaposhikwa kwa kuinamishwa kona hugusa kwanza, na nilikirudisha bila kukitumia. Baada ya pamba, nilikipitisha kila kitana juu ya ngozi ya ndani ya mkono wangu kwa uzito wake tu. Kinachoacha mstari mwekundu juu ya ngozi ya mtu kitaacha zaidi juu ya ngozi ya mbwa, kwa kuwa tabaka la juu la ngozi yake ni jembamba kuliko letu.

Pamoja nacho nimeandaa brashi ya mpira yenye vinundu, reki ya manyoya yenye safu ya meno marefu yenye ncha za duara, kitana cha kawaida cha chuma, kibano kidogo cha kutolea kupe, shuka jeupe la zamani la kutandika chini na zulia la mpira lisiloteleza. Mbwa anayeteleza hukaza misuli na kugeuka ghafla, na kugeuka ghafla chini ya meno ya chuma ndiko kunakoleta mikwaruzo. Kwa maoni yangu zulia hilo lina umuhimu kuliko chapa ya kitana.

Juni: kumzoesha, na ukaguzi wa mkono

Kabla ya kuchana chochote, kitana kiliwekwa tu sakafuni karibu na Jeki huku akipewa vipande vya dagaa waliokaushwa, kisha kikamgusa ubavuni kwa upande wa mgongo wa ubao, usio na meno, kisha kikapita mara moja kwa meno na kuondoka. Aliruhusiwa kuinuka na kwenda zake wakati wowote. Kamba ya shingoni hushikwa mkononi na haifungwi kwenye nguzo, kwa sababu mbwa aliyefungwa akishtuka hana pa kwenda isipokuwa mbele ya mikono ya anayemchana.

Mlinzi wetu, mzee mwenye uzoefu mrefu wa mifugo, ndiye anayemshika, na kazi yake si kumzuia bali kumsoma uso. Tulikubaliana dalili za kusimama: kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo mfululizo, kugeuza kichwa huku weupe wa macho ukionekana, masikio kulala nyuma, mkia kuingia katikati ya miguu, mwili kukakamaa. Mzee akisema "Kijana wangu, amechoka," kitana kinawekwa chini bila mjadala. Kunguruma hakumo katika orodha yetu kwa sababu kukifika huko tumekwisha kuchelewa, na pia kwa sababu mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kutoa onyo.

Kila mara kazi huanza kwa vidole. Ninapitisha mikono kuanzia nyuma ya masikio hadi kwenye shina la mkia, nikiyageuza manyoya kinyume na uelekeo wake ili nione ngozi. Ninatafuta vidonda, vipele, magamba, chunjua, wekundu, unyevu, harufu isiyo ya kawaida, mahali panapouma na, juu ya yote, kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye kitaalamu huitwa Rhipicephalus sanguineus, yupo kwa wingi katika ukanda huu na hueneza vimelea vya Ehrlichia canis na vya babesia, ambavyo huharibu damu ya mbwa na vinaweza kumuua. Meno ya kitana yakimpitia kupe aliyejishika hukata mwili wake na kuacha sehemu za mdomo ndani ya ngozi. Kwa hiyo hutolewa kwanza, kwa kibano kilichoshika karibu kabisa na ngozi, kwa kumvuta moja kwa moja na polepole. Kummwagia mafuta ya taa au kumchoma kwa njiti, kama wengi wetu tulivyoona tangu utotoni, humuumiza mbwa na humfanya kupe atapike ndani ya jeraha.

Uvimbe mdogo mgumu wenye kitundu katikati nao huwekewa alama na kuachwa. Katika mazingira yetu unaweza kuwa na funza wa wale nzi wanaotaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na kuupasua kwa meno ya kitana ni kuufungulia mlango uambukizo.

Julai, kipupwe: utaratibu wa kuchana

Utaratibu uliosimama hadi sasa una ngazi tatu, na kitana chenye makali ni cha mwisho na hutumika kwa muda mfupi kuliko vingine. Huanza brashi ya mpira, kwa mizunguko midogo, ambayo hulegeza manyoya na kuinua vumbi la mba. Hufuata reki, kwa kufuata uelekeo wa manyoya, kwenye shingo, mbavu na mapaja. Yaliyoshikana kwa mafundo, hasa nyuma ya masikio na kwenye manyoya marefu ya nyuma ya mapaja, hufunguliwa kwa vidole na kitana cha kawaida, kuanzia nchani kuelekea ngozi, huku mkono mwingine ukibana shina la fundo ili ngozi isivutwe. Fundo gumu halikatwi kwa mkasi. Ngozi huingia ndani ya fundo bila kuonekana, na majeraha mengi ya mkasi kwa mbwa hutokea hapo. Kitana chenye makali nacho hakigusi fundo, kwa kuwa hukwama na nguvu yote huhamia kwenye ngozi.

Ndipo kinakuja chenyewe. Manyoya lazima yawe makavu hadi chini, kwa sababu manyoya yenye maji hunyumbuka na kung'ang'ania meno, na ngozi iliyoloa huchubuka upesi. Mkono wa kushoto huitandaza ngozi isijikunje. Ubao hulazwa, ukikaribia kuwa sambamba na mwili badala ya kusimama wima, na huvutwa kuelekea manyoya yanakolala, kwa mikupuo mifupi isiyozidi urefu wa kiganja, kisha huinuliwa nje mwishoni badala ya kuchimba. Nguvu inayotumika ni uzito wa chombo chenyewe. Kila eneo hupitiwa mara chache tu na kuachwa, hata kama bado linatoa. Wiki ijayo ipo. Muda wa kitana hiki kwa siku moja ni kati ya dakika 10 na 15, na hakitumiki zaidi ya mara moja kwa wiki.

Maeneo yanayoruhusiwa ni machache kuliko wengi wanavyodhani: pande za shingo, mabega, mbavu, na upande wa nje wa mapaja, yaani penye nyama chini ya ngozi. Uti wa mgongo unapotokeza, ncha za nyonga, viwiko na visigino vya miguu ya nyuma ni mifupa iliyofunikwa na ngozi tu. Tumbo, makwapa, chuchu, sehemu za siri, masikio na uso havina manyoya ya kukinga. Mkia unapitishiwa kitana cha kawaida pekee. Nimechora umbo la Jeki kwenye karatasi na kuyatia kivuli maeneo yaliyokatazwa, kisha nikaibandika ukutani pale barazani, ili siku nitakayokuwa safarini asiwepo wa kubahatisha.

Julai: kusoma kinachotoka

Kipimo ambacho picha za matangazo hukitumia ni ukubwa wa lundo, mbwa ameketi kando ya kichuguu cha manyoya kinachokaribia kulingana naye. Ninakiona kipimo hicho kuwa chanzo cha madhara mengi, kwa sababu lundo linaweza kuongezwa daima kwa kuendelea kukwangua, na ubao wenye makali hautoi tu manyoya mafu. Ukikandamizwa au ukirudiwa mno hukata manyoya ya juu yaliyo hai. Lundo litakuwa kubwa, na mbwa atabaki na vazi lililochakaa lisilozuia maji wala jua.

Ndiyo sababu ya shuka jeupe. Baada ya kila kuchana ninachukua konzi ya manyoya na kuyatandaza juu yake mchana kweupe. Unywele uliodondoka wenyewe una kijinundu kidogo cheupe kwenye shina. Uliokatwa hauna kijinundu. Ncha zake zote mbili ni kavu, na moja imekatika kwa unyoofu. Manyoya ya ndani ni mafupi, yamefifia na yana mawimbi. Ya juu ni manene, yamenyooka, na kwa Jeki yana weusi nchani. Tunachotaka kuona ni manyoya ya ndani kwa wingi na ya juu machache yenye mashina yake. Vipande vifupi vya manyoya manene vikianza kuonekana, kitana kinasimamishwa kwa eneo hilo.

Kwa Julai yote sampuli zimekuwa safi upande wa mbavu na mabega. Upande wa nje wa paja la kulia zilianza kuonesha vipande vilivyokatwa, na tulipochunguza tukaona kwamba Jeki hulala upande huo akichanwa, hivyo lile paja huchanwa mwishoni akiwa ameinuka na ngozi yake ikiwa imejikunja. Sasa paja hilo linachanwa kwa reki tu.

Nimeandika pia hali ya ngozi baada ya saa chache na tena asubuhi iliyofuata, kwa kuwa muwasho unaosababishwa na kuchana hauonekani papo hapo. Mbwa aliyechanwa kupita kiasi huanza kujilamba au kujikuna pale pale palipopita meno, na ngozi huonesha wekundu wa mistari. Hadi mwisho wa mwezi huu hakuna dalili hiyo.

Agosti: yaliyo pembeni ya kazi

Jike wa kienyeji anachanwa kwa glavu ya mpira pekee, na anaipenda kiasi cha kumsukuma Jeki pembeni. Kila mbwa ana vifaa vyake, kwa sababu choa na upele huhamia kwa urahisi kupitia brashi, na choa humpata binadamu pia. Vifaa huoshwa kwa sabuni na brashi ya meno iliyostaafu, hukaushwa juani, na ubao hupanguswa kwa mafuta mepesi usiharibike, kisha hufutwa kabla ya kutumika tena. Ubao uliodondoka sakafuni hurudi kwanza kwenye jaribio la pamba.

Manyoya yenyewe yanafungwa kwenye mfuko na kwenda na taka. Bibi jirani, ambaye kwa mafundisho ya dini yake humhesabu mbwa kuwa najisi, hasa anapokuwa na unyevu, anaanika nguo upande wa pili wa ua, na haifai upepo umpelekee kazi ya kuzifua upya. Tulimwendea, tukamwamkia na kumweleza siku na saa za kuchana, naye akatuambia siku zake za kufua. Ratiba yetu imefuata yake. Nilikuwa nimefikiria kuyaacha manyoya kwenye matawi ili ndege wajengee viota, lakini daktari wa mifugo alinikataza kwa sababu mabaki ya dawa za viroboto hubaki kwenye manyoya na yanaweza kuua makinda.

Chakula nacho kimeingia katika mradi, ingawa hakikuwa kwenye mpango. Unywele kwa sehemu kubwa mno ni protini, na mbwa anayelishwa ugali mtupu na mchuzi wa mifupa hunyonyoka kwa wingi na vazi lake hufifia, hata achanwe kwa kifaa gani. Tumeongeza dagaa na mayai yaliyopikwa katika ugali wa mbwa wote wawili.

Septemba: kitana kimesimamishwa

Katika ukaguzi wa vidole, mwanzoni mwa mwezi, tulikuta eneo la chini ya mgongo, karibu na shina la mkia, likiwa na manyoya membamba kuliko mwezi uliopita, ngozi nyekundu na vipele vidogo. Eneo hilo halimo katika ramani ya kitana chenye makali, hivyo haikuwa rahisi kukilaumu. Kunyonyoka kwa kawaida huenea mwili mzima na hakuachi upara. Panapobaki ngozi tupu, pekundu au penye kuwasha, huo ni ugonjwa wa ngozi mpaka daktari aseme vinginevyo. Kuchana kwa aina zote kulisimamishwa siku hiyo.

Nilitandaza kitambaa cheupe kilicholoweshwa na kukung'utia vumbi jeusi lililokuwa kwenye manyoya ya eneo hilo. Chembe zilitoa rangi ya kutu, ishara kwamba ni kinyesi cha viroboto, ambacho ni damu iliyosagwa. Daktari wa mifugo alithibitisha mzio wa mate ya viroboto, ambao kwa kawaida hujitokeza pale pale, chini ya mgongo na shina la mkia, na ambao kwa mbwa mwenye mzio unaweza kuchochewa na viroboto wachache tu. Aliandika dawa kwa mbwa wote wawili kulingana na uzito wa kila mmoja, akasisitiza kufua matandiko na kufagia nyufa za banda, kwa kuwa mayai na mabuu ya viroboto hukaa huko na si juu ya mnyama.

Mzee alipendekeza dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki stoo, na ninaliandika hili kwa sababu ni desturi iliyoenea. Daktari alikataa kabisa. Viuatilifu vya mifugo vimepimwa kwa mwili wa ng'ombe na njia yake ya matumizi, na mbwa hujilamba. Kiasi kinachomsaidia ng'ombe kinaweza kumtia mbwa sumu, na hatari huongezeka ngozi ikiwa tayari imechubuka. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ya viroboto ya kudondosha mgongoni haiwekwi siku iliyopita kitana chenye makali, hata kama hakuna mchubuko unaoonekana.

Mtu mmoja wa familia alishauri Jeki anyolewe kabisa ili tumalize tatizo. Tumelikataa. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, na vazi lenye safu mbili humkinga na jua. Likinyolewa, manyoya ya ndani mara nyingi hutangulia kuota na ya juu huchelewa au hurudi kwa mabaka.

Oktoba na Novemba, vuli: kurejea, na tatizo la kukausha

Ngozi ilipopona na daktari kuruhusu, tulirudia hatua kwa mpangilio ule ule: mpira kwanza, kisha reki, na kitana chenye makali kikaja baadaye, kwenye mbavu na mabega pekee. Manyoya mapya ya chini ya mgongo yameota na yanaachwa bila kuguswa.

Mvua za vuli zimeleta swali la kuogesha. Jeki huchanwa kabla ya kuoga, kwa sababu manyoya mafu yakiloa husokotana na kuwa mafundo, na huogeshwa kwa shampuu ya mbwa, kwa kuwa ile ya watu imetengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi. Ugumu ni kumkausha. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na siku ya mawingu manyoya yake ya juu hukauka huku ya ndani yakiendelea kuwa na unyevu hadi jioni. Unyevu unaobaki karibu na ngozi huzaa vidonda vya maji vinavyoenea kwa haraka. Sasa anaogeshwa asubuhi ya siku ya jua pekee, hufutwa kwa taulo kwa kukandamiza bila kusugua, na kitana chenye makali hakimgusi mpaka nimetenganisha manyoya kwa vidole mabegani na mapajani na kuhisi ngozi ikiwa kavu kabisa. Mara nyingi hilo humaanisha siku inayofuata.

Desemba: hali ilivyo na kazi zilizobaki

Zulia la sebuleni bado linakusanya manyoya, ila kwa kiasi ambacho ufagio wa kila siku unakimudu, na matandiko ya binti hayana manyoya yanayoonekana. Sihusishi hali ya pumu yake na mradi huu. Dawa zake zinaendelea kama daktari alivyoagiza, na Jeki haingii chumbani kwake.

Matumizi ya kitana chenye makali yamepungua kadiri miezi ilivyosonga. Sehemu kubwa ya manyoya hutolewa na brashi ya mpira pamoja na reki, vifaa visivyo na makali, na kitana hubaki kwa dakika chache za mwisho kwenye mbavu, katika wiki ambazo reki imeacha manyoya ya ndani mengi yaliyokwisha kuachia. Ningekuwa ninanunua upya, ningenunua reki nzuri kwanza na kungoja kabla ya kununua hicho kingine. Mbwa wengi wa nyumbani kwetu hapa, wa kienyeji na wa manyoya mafupi, hawakihitaji kabisa.

Yaliyobaki ni kumfundisha mzee upande wa kuchana, si wa kushika tu, kwa kuwa nitakuwa safarini Januari. Tumekubaliana kwamba wakati huo atatumia mpira na reki, na kitana chenye makali kitafungiwa kabatini. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya wote wawili inapaswa kurudiwa kabla ya safari. Paja la kulia litakaguliwa tena nikirudi, kwa shuka jeupe, kuona kama ncha zilizokatwa zimekwisha kubadilishwa na manyoya mapya.